Bwana Keki

Balbu ya projekta ilipopasuka, watu ukumbini walidhani ni sehemu ya vichekesho. Bibi harusi alikuwa ameinua mguu apande treni, mara pazia likawa jeusi. Théodore, aliyesimama kando ya pazia akifasiri kama kawaida yake, aliendelea na maneno kwa kuwa aliyajua yote kwa ghibu.

"Mimi nakwenda! Mimi hapana taka mwanamume ya kofia!" alilia kwa sauti nyembamba ya kike.

Watu wakacheka gizani. Ndipo harufu ya kitu kilichoungua ikawafikia, na milango ikafunguliwa, na jua la alasiri likaingia.

Mwaka ule wa 1975, Arua ilikuwa inatafuta sukari kwa kujuana, seuze balbu ya projekta. Mzee Tahiru, askari mstaafu aliyekabidhiwa ukumbi baada ya wenyewe Wahindi kufukuzwa, alituma watu mpaka Kampala, wakarudi mikono mitupu. Filamu zilizoachwa stoo zikabaki ndani ya makopo yake.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya bibi harusi na treni. Ilisemwa kwa Kiingereza cha haraka, na mji mzima uliijua kwa mdomo wa Théodore tu. Msichana anaposwa na mwuza kofia, mtu mwema, mzito wa maneno. Siku ya harusi anakimbia, anapanda treni, anakutana na mpiga picha mwenye domo, wanagombana njia nzima mpaka wanapendana. Mwuza kofia anabaki mlangoni pa kanisa na keki mikononi. Mvua inanyesha, anateleza, keki inamwangukia usoni. Hapo watu walikuwa wanapiga viti kwa kucheka. Théodore alisema sauti zote peke yake: ya mpiga picha nzito, ya mwuza kofia ya puani, ya bibi harusi kama kuku aliyekanyagwa.

Alikuwa Mkongo, alivuka mpaka akiwa kijana, akaoa Candiru, binti wa kijiji cha Logiri, na sasa walikaa Onduparaka na binti yao Elise. Kufasiri sinema ndiyo kazi iliyompa jina mjini.

"Teodori," Tahiru alimwambia siku moja, wamekaa kwenye ngazi za ukumbi uliofungwa, "sisi hapana ngojea balbu. Tutacheza ile sinema na watu. Na nyimbo. Kuna kijana ya Koboko, Ramathan, anapiga kodiani kwa maharusi. Yeye atatunga."

"Afande, mutu atatoa wapi treni?"

"Hatuna haja ya treni. Tutaweka lori. Tutacheza hapa, halafu Koboko, na Koboko watu wanajua lori."

"Na bibi harusi?"

Tahiru akakuna kidevu. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mwanamke gani angekubali kusimama mbele ya watu akiimba mapenzi? Alikuwa ameshauliza nyumba nyingi, na katika nyumba moja mama wa msichana alimmwagia maji ya vyombo miguuni.

"Bibi yangu iko na sauti," Théodore alisema. Alisema kwa fahari, na kwa sababu aliogopa kupoteza kazi. "Kanisani wanamujua."

*

Candiru alikuwa anatwanga muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Mimi nisimame mbele ya wanaume nisema napenda mutu?"

"Ni mchezo, Mama Elise. Na mimi nitakuwa pale. Mimi nitakuwa mwuza kofia, najua maneno yake yote."

"Na huyo mwingine?"

"Ramathan mwenyewe. Mutoto mzuri, heshima iko."

"Watu watasema."

"Waseme. Tukikaa hivi, Tahiru atanifukuza. Nitafanya nini? Kulima sijui."

Alimbembeleza siku kadhaa. Alimletea kipande cha sabuni alichopata kwa kuomba. Elise naye alimshika mama yake nguo akimwomba aimbe, na mwishowe Candiru akakubali, huku ameinamisha uso. Théodore alifurahi mno, akaenda mbio kumwambia Tahiru kabla mke wake hajabadili nia.

Mazoezi yalifanyika ukumbini, milango wazi ili mwanga uingie. Ramathan alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufumba macho akisikiliza. Siku ya kwanza alimwambia Candiru aimbe chochote. Candiru akaimba wimbo wa kanisani kwa Kilugbara, akitazama sakafu. Ramathan aliitafuta sauti yake kwenye kodiani, akaipata, kisha akaacha kupiga.

"Sista," alisema, "wewe unajizuia hapa." Akagusa koo lake mwenyewe. "Kwa nini?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza Candiru swali hilo. Nyumbani alizoea kwamba mgeni akimwuliza jambo, Théodore hujibu. Si kwa ubaya, ila ulimi wa mume wake ulikuwa mwepesi, nao ulifika kabla ya wake.

Ramathan alitunga wimbo wa kugombana ndani ya lori, na wimbo wa kukubali. Halafu ikaonekana kwamba bibi harusi anahitaji muda wa kubadilisha nguo, na jukwaa haliwezi kukaa tupu.

"Basi mwuza kofia naye apewe wimbo," Ramathan alisema.

"Kwenye sinema haimbi," Théodore alisema. "Keki inamwangukia, basi. Inakuja picha ingine."

"Hapa hakuna picha ingine, kaka. Hapa kuna wewe."

*

Walicheza Arua Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Keki ilikuwa unga wa muhogo uliopakwa chokaa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuharibu ngano. Théodore aliteleza kama alivyojifunza, keki ikamfunika uso, na kicheko kilichofuata kilitikisa mabati.

Lakini kwenye sinema, mwuza kofia akishaanguka, treni inapita, na hakuna anayemwona tena. Hapa Théodore alilazimika kuamka. Alilazimika kujifuta chokaa machoni kwa mkono wa shati, akatafuta kofia yake chini, huku watu wakiendelea kucheka, na baadhi wakimwita kwa jina lake. Wimbo wake haukusikika kabisa. Kisha akatoka upande wa kushoto, na huko pembeni, kwenye upenyo wa turubai, akamwona mke wake amerudi katika gauni jipya. Alikuwa anaimba na Ramathan. Hakuwa anatazama sakafu.

Jumatatu yake, karibu na uwanja wa mpira, vijana wa Onduparaka walimwona anapita.

"Bwana Keki! Bwana Keki! Bibi amepanda lori!"

Alicheka nao. Alinyanyua kofia ambayo hakuivaa, wakacheka zaidi. Jioni Elise akarudi kutoka shuleni na kamasi zimekauka mashavuni.

"Wananiita Mtoto wa Keki," alisema.

"Ni mchezo, mama," Théodore alimjibu. "Mchezo tu."

"Wanasema mama anapenda mutu ya kodiani."

Candiru alikuwa anachambua majani ya kunde. Vidole vyake vikasimama. Théodore aliviona vikisimama, na tangu saa hiyo hakuwa na raha.

Walipobaki wawili, alianza kwa mbali, kama mtu anayezungumzia kazi.

"Mimi naona sinema ilikuwa bora."

"Kwa nini?"

"Sinema haibadiliki. Yule bibi anapanda treni mahali pale pale, anatazama yule mpiga picha vile vile. Hii yetu, kila siku iko tofauti. Wewe kwa mazoezi ulimutazama Ramathan kidogo. Jumamosi ulimutazama sana."

"Wimbo ni murefu."

"Kwenye sinema hakuna wimbo, na watu walielewa."

Candiru aliweka sinia chini. "Nani alielewa, Baba Elise? Mimi nimekaa kwa ile viti miaka yote. Sijajua yule mwanamke anafikiri nini. Kila akifungua mudomo, ni wewe. Unamufanya kama kuku, watu wanacheka. Labda alikuwa anasema kitu ya maana. Mimi sijui. Hakuna mutu ya Arua anajua."

"Hiyo ndiyo kazi. Nafasiri."

"Najua ni kazi." Sauti yake ilishuka. "Hata nyumbani unafasiri. Mgeni ananiuliza kama nimeshiba, wewe unamwambia nimeshiba."

Théodore alitaka kusema kwamba alifanya hivyo kwa kumwonea huruma, kwa kuwa aliijua haya yake. Maneno, ambayo siku zote yalimjia kabla hayajaitwa, yalikataa. Akatoka nje akajifanya anatazama kama kuku wameingia bandani.

Angeweza kumzuia asiende Koboko, walikokuwa wanakwenda kucheza tena. Mawazo hayo yalimpitia. Lakini Tahiru alikuwa ameshawaahidi wakubwa wa huko, na kuwavunjia ahadi wakubwa wa huko halikuwa jambo la mtu wa kuvuka mpaka asiye na karatasi za kueleweka. Kisha kulikuwa na kitu kingine. Alikuwa amemsikia akiimba. Hakujua angemwambiaje aache.

*

Siku ya safari Elise aliachwa kwa jirani yao, Mariam Poni. Candiru alimsuka nywele asubuhi ile, akazifumua, akamsuka tena. Mtoto alilalamika kwamba anaumizwa.

Koboko walicheza kwenye ukumbi wa shule, mchana kweupe, kwa sababu lori lilipaswa kuondoka kabla giza halijaingia. Vizuizi vya barabarani havikuwa na urafiki na wasafiri wa usiku. Mbele walikaa wakubwa na wake zao, nyuma wafanyabiashara, wanafunzi, akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao. Hawa hawakuwahi kuiona ile sinema. Hawakuwa na kitu cha kulinganisha. Walichoonyeshwa ndicho kilichokuwa.

Kwa hiyo keki ilipoanguka, walicheka, lakini kidogo. Mama mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Maskini, wamemuacha!" Watu wakamnyamazisha.

Théodore alikaa chini pale alipoangukia. Alipaswa kuamka, hakuamka. Ramathan, aliyekuwa pembeni na kodiani yake, alirudia mwanzo wa wimbo mara mbili akimngojea. Ndipo Théodore akaimba, si kwa sauti ya puani. Aliimba kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haikuwa nzuri, na ambayo mji wa Arua haukuwahi kuisikia:

*Viti iko wazi, padri iko ngojea,*
*mvua nayo imefika, wewe bado.*
*Kama njiani kuna matope, nitakuja kukubeba.*
*Kama njiani kuna mutu, sema, nifunge mulango.*

Nyuma ya turubai, Candiru alikuwa ameingiza mkono mmoja katika gauni, mwingine bado. Alisimama hivyo mpaka wimbo ulipokwisha. Machozi yalimtoka. Alimjua mwanamume huyu; alijua kwamba kama angalimwimbia hivi zamani, jikoni, bila watu, labda moyo wake yeye usingalikuwa pale ulipo sasa. Na alijua pia kwamba alikuwa amechelewa. Alipenyeza mkono wa pili, akafunga vifungo, akatoka kwenda kupanda lori la mbao.

Aliimba siku ile kuliko siku zote. Mke wa mkubwa mmoja alivua kitambaa chake akakipunga. Mwisho, wachezaji wote waliposhikana mikono kuinama, Théodore na Ramathan walijikuta wamemweka Candiru katikati, kila mmoja na mkono wake.

*

Lori lilikuwa linanguruma. Wachezaji walikuwa wameshapanda, wamekalia mbao na mapazia yaliyokunjwa. Tahiru, mbele kando ya dereva, alichungulia.

"Teodori! Mwite bibi yako, twende!"

Candiru alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mlangoni pa Hawah, mama yake Ramathan. Ramathan hakuonekana. Théodore alivuka.

"Mama Elise, tunakwenda."

"Baba Elise," alisema, na akamtazama usoni. "Mimi nabaki."

"Mpaka kesho?"

"Nabaki."

Théodore alisikia maneno, lakini alichoweza kusema ni, "Nguo zako ziko kwa lori."

"Ziende."

"Na Elise?"

Hapo uso wa Candiru ukavunjika. Alishika mwimo wa mlango. "Elise ni wako. Sitamuiba. Mwambie... " Alijaribu tena. "Nitamwambia mimi mwenyewe. Nitakuja."

"Mimi ndiye nilikuleta hapa," Théodore alisema. "Mimi nilikubembeleza. Na sabuni."

"Najua."

"Sema nimekosa wapi."

"Hujanipiga. Hujaninyima chakula. Usiulize mbele ya watu, Baba Elise. Nakuomba."

Kwenye lori walikuwa wanatazama. Waliona mwanamume amesimama mbele ya mlango, chokaa bado imo masikioni mwake, na mwanamke amevaa gauni la jukwaani. Mmoja wao akacheka.

"Oneni! Bwana Keki bado anacheza!"

Na wengine wakacheka naye, bila ubaya, watu waliochoka na waliofurahi. Tahiru, ambaye alikuwa ameelewa, alipiga honi kwa nguvu mpaka wakanyamaza. Théodore akarudi, akapanda nyuma. Hakuna aliyemsogelea. Walipokuwa nje ya mji, kijana aliyecheka alimvulia koti lake akampa akalie. Théodore alilipokea, akasema asante.

*

Elise hakulia alipoambiwa. Aliuliza kama mama yake ameumwa. Aliuliza nani atamsuka. Mariam Poni akasema atamsuka yeye, lakini mtoto hakumkubali, na nywele zile alizosukwa asubuhi ya safari zilikaa kichwani mpaka zikawa kama manyoya. Candiru alikuja kumwona mara moja, wakakaa kwa Mariam Poni mlango umefungwa. Théodore alikwenda sokoni, akazunguka huko hadi alipojua kwamba ameondoka.

Ukumbi ulifanywa ghala la pamba. Théodore alipata kazi ya kupakia magunia, mle mle alimokuwa akifasiri. Vijana wa uwanja wa mpira waliacha kumwita Bwana Keki. Kuacha kwao kulimwuma kuliko kule kumwita, maana kila mtu sasa alijua.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Adrabo, kaka mkubwa wa Candiru, alitoka Logiri akiswaga ng'ombe. Aliwapitisha mjini, akawaleta Onduparaka asubuhi ambapo kila mtu yuko uani. Théodore aliwajua ng'ombe wale, na wale asiowajua walikuwa ndama zao. Aliwapeleka mwenyewe Logiri kuwa mahari mwaka aliooa.

"Shemeji," Adrabo alisema. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Rudi nao, shemeji," Théodore alisema. "Mimi sikuomba ng'ombe."

"Najua hukuomba."

"Nikipokea, imekwisha."

"Ndiyo."

"Basi sipokei. Waambie wazee mimi sipokei. Bibi yangu ako safari."

Majirani walikuwa wamekaribia, kila mmoja na kisingizio chake, huyu na ndoo, yule na fagio. Adrabo alisogea ili wasimsikie.

"Ramathan ameleta mali kwetu. Wazee hawawezi kupokea hii na wewe hujarudishiwa. Sasa dada yangu iko katikati. Iko na mimba, shemeji. Mtoto akizaliwa hivi, kwa desturi ataitwa wako, unaweza kwenda kumchukua mikononi mwake. Na yeye akifa katika kuzaa, wale wa Koboko watasema si mke wetu, na sisi tutasema ni mke wa Teodori. Atalala wapi?"

Théodore alitazama mikono yake. Tangu Koboko hakuwa ameshika kitu chochote ambacho Candiru alikihitaji. Sasa alikuwa nacho. Angeweza kukataa, na hakuna mzee wa Logiri ambaye angemlaumu. Angeweza kukataa mwaka mzima, na mwanamke yule angeishi mwaka mzima mlangoni pa watu, si mke, si mgeni. Jambo hilo lilimjia akilini wazi, na kwa muda likampa utamu. Halafu utamu ukaisha.

"Anaimba?" aliuliza.

Adrabo alishika pembe ya ng'ombe, akaiachia.

"Ramathan ako barabarani na kodiani yake, maharusi mbali mbali. Yeye anabaki na mama mkwe." Akafukuza nzi mgongoni mwa ng'ombe. "Aliniambia nikuambie anaimba."

Théodore alitikisa kichwa polepole. Maneno ya kujibu yalikuja, mengi, kwa sauti zote, naye hakusema hata moja. Elise alikuwa ametoka ndani, amesimama nyuma yake.

"Papa, hawa ng'ombe ni wa nani?"

Adrabo alitazama chini. Majirani walingoja.

"Wetu," Théodore alisema. "Shemeji, nipe kamba."

Ng'ombe jike aliyetangulia hakutaka kwenda. Alitia kwato ardhini, akageuza shingo kuelekea barabara ya Logiri. Théodore alivuta, ng'ombe akavuta. Watu wote walikuwa wanatazama na hapakuwa na aliyecheka. Mwishowe Elise alizunguka nyuma, akaweka mikono yake miwili midogo kwenye paja la ng'ombe, akasukuma, na baba yake akavuta, wakaenda hivyo mpaka ndani ya ua.